Kugawa Kasi Bila Kuchungulia

Ndugu wasimamizi wa vituo vya waifai ya jamii, ndugu mafundi, na ninyi vijana mnaojitolea kupanda juu ya paa kugeuza antena wakati wenzenu wamelala: asanteni kwa kunipa nafasi hii.

Nitaanza na kosa langu.

Miaka kadhaa iliyopita nilikabidhiwa kituo kimoja cha jamii. Laini yake ilikuwa ya megabiti 10 kwa sekunde, na jioni watu 40 hivi waliitumia kwa pamoja. Kila ikifika saa moja usiku mtandao ulikwama. Ukurasa wa maandishi matupu ulichukua nusu dakika kufunguka, simu za sauti zilikatikakatika, na lawama zote zikaniangukia mimi. Nikaamini kuna mtu anayekula haki ya wenzake, nikaamua kumsaka. Nikafungua kwenye ruta, kile kifaa kinachowagawia watu mtandao, orodha ya majina ya tovuti ambazo kila simu inazitafuta, nikakaa mbele ya kioo kama askari wa zamu.

Mkosaji sikumpata. Nilichopata ni mambo ambayo hakuna aliyenipa idhini ya kuyajua. Nilijua nani anasoma kuhusu ugonjwa ambao hajamwambia mtu. Nilijua nani anatafuta kazi nyingine kwa siri, na nani anaandamwa na madeni. Sikuona hata neno moja walilosoma wala waliloandika. Majina ya tovuti peke yake yalitosha. Kesho yake mmoja wao alinikuta mlangoni, akanisalimia kama kawaida, nami nikashindwa kumtazama usoni. Na jioni hiyo mtandao ulikwama vilevile.

Tangu siku hiyo nimekuwa nikisema jambo moja popote ninapoalikwa: kasi ya mtandao inaweza kugawanywa kwa haki bila kumchungulia mtu yeyote. Tena anayejizoeza kuchungulia ili agawe, hugawa vibaya na hulinda vibaya. Tumezoea kuzitenga kazi hizi mbili, fundi wa kasi huku na fundi wa usalama kule, wakati mshipa wake ni mmoja.

Tuanze na hesabu, maana hapo ndipo wengi hupotea. Megabiti 10 si megabaiti 10. Baiti moja ni biti nane, kwa hiyo laini ya megabiti 10 hupitisha megabaiti 1.25 kwa sekunde. Ukigawa kwa watu 40, kila mmoja anabaki na robo ya megabiti. Ukiishia hapo utakata tamaa na kwenda kuomba laini kubwa zaidi. Lakini watu hawavuti data mfululizo. Anayesoma huvuta kwa sekunde mbili tatu, kisha macho yake hukaa kwenye ukurasa dakika nzima, na muda huo njia iko wazi kwa wengine. Laini ileile inaweza kuwatosha watu 40 wanaosoma, wanaoandika barua pepe na wanaozungumza kwa sauti. Ya kwangu ilikuwa inakwama kwa sababu ya foleni.

Hili si jambo geni. Oktoba 1986, intaneti ikiwa bado changa, kasi ya mawasiliano kati ya maabara ya Lawrence Berkeley na Chuo Kikuu cha California kilichopo Berkeley ilianguka kutoka biti 32,000 kwa sekunde hadi biti 40. Sikusema elfu 40; nimesema arobaini. Umbali baina ya sehemu hizo haufiki mita 400, na nyaya zilikuwa nzima. Kompyuta zilizochelewa kupata jibu zilituma tena kile zilichokwisha kutuma, nakala zikarundikana juu ya nakala, na njia ikajaa mizigo isiyo na faida. Van Jacobson na mwenzake Michael Karels walilichunguza jambo hilo, na mwaka 1988 wakaeleza dawa yake: kompyuta inayotuma ipunguze mwendo kila inapoona pakiti, yaani vipande vidogo ambamo data husafiri, zinapotea. Intaneti yote mnayoitumia leo inasimama juu ya adabu hiyo. Pakiti inayopotea ni ishara, inamwambia mtumaji, "Taratibu, mbele kumejaa."

Baadaye kumbukumbu za kompyuta, mahali data inapowekwa ikisubiri, zikawa za bei nafuu, na watengenezaji wa ruta wakaona ni vyema kutopoteza pakiti kabisa. Wakaweka foleni ndefu mno ndani ya vifaa vyao. Nia ilikuwa njema, lakini ishara ikawa haifiki kwa wakati. Chukueni mfano wa laini ambayo upande wake wa kupakia, yaani wa kutuma data nje, ni megabiti 1, na ruta yenye foleni ya megabaiti 1. Megabaiti moja ni megabiti nane. Foleni ikijaa, pakiti inayoingia mwisho itasubiri sekunde nane kabla ya kutoka mlangoni. Sekunde nane! Na msidhani anayepakua amesalimika, kwa sababu hata anayefungua ukurasa lazima kwanza atume ombi, na ombi hilo hupita kwenye foleni hiyohiyo. Jim Gettys, mhandisi wa Marekani, ndiye aliyeupa ugonjwa huu jina na kuupigia kelele kuanzia 2010. Mimi huuita uvimbe wa foleni.

Hicho ndicho kilichokuwa kinanimaliza. Nilikuja kugundua kwa kupima tu: nikatuma pakiti ndogo ya majaribio kwenda seva ya nje na kuhesabu muda wa kurudi. Asubuhi, kituo kikiwa kitupu, ilirudi kwa milisekunde 40, yaani sehemu 40 za elfu za sekunde. Jioni ilirudi baada ya sekunde nzima, mara nyingine sekunde tano. Foleni ilikuwa upande wa kupakia, na kuijaza hakuhitaji watu 40. Simu moja inayohifadhi picha zake mtandaoni yenyewe, mwenye nayo hana habari, inatosha. Ningekaa kwenye kile kioo mwaka mzima nisingeuona ugonjwa huu, maana orodha ya tovuti haionyeshi foleni.

Dawa ipo, na haiuzwi. Mwaka 2012 Kathleen Nichols na huyohuyo Van Jacobson walitoa utaratibu unaoitwa CoDel. Kabla yake, ruta ilijiuliza foleni ina urefu gani. CoDel inauliza swali lenye maana zaidi: pakiti hii imesubiri muda gani? Ikiwa pakiti zinasubiri zaidi ya milisekunde 5, na hali hiyo ikaendelea kwa milisekunde 100, ruta inaanza kudondosha moja moja ili watumaji wapate ishara mapema. Kisha likaongezwa wazo la pili, nalo ndilo ninalolipenda kuliko yote: badala ya foleni moja kubwa, ruta inatengeneza foleni ndogondogo nyingi, mazungumzo haya huku na yale kule, na inachukua kutoka kila moja kwa zamu. Mwenye mzigo mdogo hapigwi foleni nyuma ya mwenye shehena. Utaratibu huo unaitwa fq_codel, na tangu Januari 2018 umeandikwa rasmi kwenye nyaraka za intaneti. Upo pia mwingine, CAKE, ambao unaweza kuhesabu zamu kwa kifaa. Kwa hesabu hiyo, mtu aliyefungua milango 30 ya kupakulia faili hapati sehemu 30. Anapata sehemu moja kama jirani yake. Yote mawili mnayapata bure ndani ya OpenWrt, mfumo huria wa ruta ulioanza mwaka 2004.

Sasa tazameni vizuri kinachofanyika hapo. Ruta inasoma maandishi ya juu ya bahasha: imetoka wapi, inakwenda wapi. Haifungui bahasha. Haijui kama ndani kuna somo la hisabati, ombi la kazi au barua ya mapenzi, na haina haja ya kujua. Haki inapatikana kwa kutazama zamu, na mtu anaachwa na mambo yake. Mtu akikwambia kwamba lazima achunguze watu wanafanya nini ndipo aweze kugawa kasi, mwambie dawa hiyo ilipitwa zamani.

Kuna jambo moja mafundi hulipinga sana, na ninalisema kila mara. Ili utaratibu huu ufanye kazi, lazima foleni iwe ndani ya ruta yako na si kwenye mitambo ya aliyekuuzia laini, ambako huna mamlaka. Kwa hiyo pima kasi halisi ya laini yako katika saa zake mbaya, kisha iambie ruta isipitishe zaidi ya asilimia 85 hadi 90 ya kiasi hicho. Ukipata megabiti 10, weka 9 au 8.5. Wengi wananiambia, "Unatupotezea megabiti tunayoilipia." Ndiyo, mnaiacha. Mkishaiacha, simu za sauti zinaacha kukatika. Mimi ningefanya biashara hiyo kila siku ya maisha yangu.

Upande wa hewani kuna foleni nyingine isiyoonekana kabisa. Masafa ya waifai ni kama ukumbi ambamo anasema mmoja tu kwa wakati. Pakiti ya kawaida ya baiti 1,500 ni biti 12,000. Simu iliyo karibu, inayoongea kwa megabiti 54, huimaliza pakiti hiyo kwa takribani robo ya milisekunde. Simu iliyo mbali kule ukingoni, inayoongea kwa megabiti 1, inahitaji milisekunde 12, na muda wote huo waliobaki wamenyamaza. Mtu mmoja wa mbali anaweza kuudidimiza ukumbi mzima bila kosa lolote. Kuongeza nguvu ya ruta ya kurusha mawimbi hakusaidii sana, kwa sababu ruta itasikika mbali lakini sauti ya simu itabaki ileile ndogo. Zimeni kasi za chini kabisa kwenye mipangilio, wahamisheni wenye simu mpya kwenye masafa ya gigahezi 5, na kwenye gigahezi 2.4 mtumie chaneli ya 1, ya 6 au ya 11, ambazo haziingiliani. Aliye mbali sana jengeeni kituo kidogo karibu naye. Basi, hilo linatosha kuhusu hewa.

Kuhusu vikomo vya matumizi nina maoni ambayo si kila mtu anayapenda. Zamani tulihesabu matumizi kwa namba ya kudumu ya kifaa. Tangu Android 10 ya mwaka 2019 na iOS 14 ya mwaka 2020, simu hujibadilishia namba hiyo kwa kila mtandao unaojiunga nao, ili mtu asifuatwe kutoka kituo hadi kituo. Wasimamizi wengine wanawaagiza watumiaji waizime kinga hiyo ili hesabu zao zikae sawa. Msifanye hivyo. Simu imejitahidi kumlinda mwenye nayo, ninyi mnamwambia avue ngao. Toeni vocha yenye tarakimu za kubahatisha, isiyo na jina wala namba ya kitambulisho. Vocha ndiyo ihesabiwe. Na kikomo kisiwe cha kumfungia mtu nje ghafla akiwa katikati ya kujaza fomu. Akimaliza sehemu yake, mwendo wake upunguzwe wakati wa msongamano tu, na njia ikiwa tupu aachwe aende.

Video nazo zina mzigo wake. Ile ya ubora wa juu inaweza kula gigabaiti 3 kwa saa, ambayo ni karibu megabiti 7 kila sekunde, yaani theluthi mbili ya laini yangu ile kwa mtu mmoja. Hapa maneno yanafaa kuliko mitambo. Bandikeni maelezo, yenye picha, ya namna ya kushusha ubora wa video na kuzima zile zinazojicheza zenyewe. Nimeona watu wakifanya hivyo kwa hiari mara wanapoelewa kwamba ukumbi ni wa wote.

Na sasa nifike mahali ambapo kasi na usalama hugongana waziwazi: masasisho. Simu 40, kila moja ikitaka sasisho la megabaiti 100, ni gigabaiti 4. Kwa laini ya megabiti 10 ni dakika 53 za njia nzima. Ndiyo maana naona vituo vingi vimezuia seva za masasisho moja kwa moja. Ninaelewa sababu, lakini nawaomba sana mziondoe hizo kufuli. Machi 2017 Microsoft ilitoa kiraka cha udhaifu fulani wa Windows. Mei mwaka huohuo kirusi cha WannaCry kikapita kwenye udhaifu uleule, kikafunga kompyuta katika nchi nyingi duniani, hospitali za Uingereza zikiwemo. Miezi miwili ilikuwa imepita na kiraka kipo. Mtu ambaye intaneti yake pekee ni kituo chenu, mkimzuilia masasisho, mmemwacha na mlango wazi, tena bila yeye kujua. Yapangieni saa za alfajiri. Yapeni zamu ya nyuma mchana. Kompyuta za kituo zenyewe zinaweza kupeana sasisho moja lililokwisha kushuka. Kuzuia kabisa, hapana.

Kulikuwa na enzi ambayo tulipunguza mzigo kwa kuweka katikati proksi, yaani kompyuta ya kupokea na kupitisha maombi ya watu, yenye programu kama Squid: ukurasa uliofunguliwa na mmoja ulihifadhiwa, mwingine akiutaka anapewa nakala. Enzi hiyo imepita, na imepita kwa sababu njema. Mwezi Oktoba 2010 Eric Butler alitoa nyongeza ya kivinjari iitwayo Firesheep. Mtu asiyejua lolote kuhusu udukuzi aliweza kukaa kwenye waifai ya wazi, akabonyeza kitufe, na akaunti za mitandao ya kijamii za waliomzunguka zikajitokeza na picha zao, tayari kuingiwa. Alitaka dunia ione hatari iliyokuwepo siku zote: tovuti zililinda nenosiri wakati wa kuingia tu, kisha kila kitu kilichofuata kikapita uchi. Tovuti kubwa zikahamia HTTPS, njia inayofunga mawasiliano kati ya kivinjari na tovuti, kwa kurasa zote. Desemba 2015 Let's Encrypt ikafungua milango na kutoa bure kwa yeyote vyeti, yaani vitambulisho vya kidijitali vya tovuti, na Julai 2018 Chrome ikaanza kuziandika tovuti zisizo na HTTPS kwamba si salama.

Kwa hiyo leo bahasha zimefungwa, na proksi ya katikati haioni cha kuhifadhi. Hapo ndipo wengine hushawishika na jambo ninaloliona ni baya kuliko yote nitakayoyataja leo: kumwambia mtumiaji asakinishe cheti cha kituo kwenye simu yake "ili mtandao uende haraka". Cheti hicho kikishaingia, kituo kinaweza kujifanya benki yake, barua pepe yake, hospitali yake, na simu isilalamike. Kila nenosiri linapita mikononi mwenu. Hata kama ninyi ni waaminifu, atakayeiba ufunguo wa ruta yenu ameiba funguo za kila aliyewahi kuketi hapo, na simu hiyo itaendelea kuamini cheti hicho hata mwenye nayo akihamia mbali. Hakuna megabiti inayolingana na hilo.

Pia tuseme ukweli kuhusu mipaka ya HTTPS, maana nimesikia wakufunzi wakiwaambia watu, "Ukiona kufuli, uko salama." Kufuli humaanisha njia kati yako na tovuti imefungwa, na kwamba anwani uliyoiandika ndiyo iliyojibu. Haisemi mwenye tovuti ni mwaminifu. Tapeli naye hupata cheti bure kwa dakika chache. Ndiyo sababu mwaka 2023 Chrome iliiondoa alama ya kufuli kwenye upau wa anwani. Wafundisheni watu kusoma jina la tovuti herufi kwa herufi, hasa kabla ya kuandika nenosiri. Hilo lina faida kuliko kutafuta picha ya kufuli.

HTTPS haifichi pia jina la tovuti, kama nilivyoungama mwanzoni. Jina hilo huulizwa kwa DNS, huduma inayogeuza jina la tovuti kuwa anwani ya namba, na kwa desturi swali hilo hupita wazi. Ipo njia ya kulifunga, iliyoandikwa rasmi kwanza mwaka 2016 na kisha kwa namna nyingine mwaka 2018, na ruta zenye OpenWrt zinaiweza. Iwekeni kwenye ruta, ili maswali ya watu yasisomwe njiani. Mkitaka kuzuia tovuti za hadaa, zipo huduma za DNS zinazokataa majina yanayojulikana kwa uovu, kama Quad9 iliyo kwenye 9.9.9.9. Nakubaliana nalo, kwa sharti moja: bandikeni ukutani kwamba mnazuia, na mnazuia nini. Na simu ya mtu ikichagua DNS yake yenyewe iliyofungwa, mwacheni. Ameamua kutowaamini hata ninyi, na hiyo ni haki yake.

Tuje kwenye nenosiri lililobandikwa ukutani. Wengi wanadhani waifai yenye nenosiri la pamoja inawatenga watumiaji wasisikilizane. Kwa WPA2, mfumo wa ulinzi wa waifai uliozoeleka, sivyo. Yeyote anayelijua nenosiri hilo, akiwahi kunasa salamu za mwanzo kati ya simu yako na ruta, anaweza kukokotoa funguo zako na kufungua mawasiliano yako hewani. Yakiwa na HTTPS ndani atakuta bahasha nyingine imefungwa. Yasipokuwa nayo, atasoma. Mrithi wake, WPA3 ya mwaka 2018, iliziba tundu hilo: hata mnaotumia nenosiri moja, kila mmoja ana funguo ambazo mwenzake hawezi kuzikokotoa. Ruta yenu ikiwa nayo, iwasheni, na muwaachie wenye simu za zamani jina la pili la mtandao. Washeni pia kitenga vifaa, ili simu moja isiweze kuigusa nyingine ndani ya kituo. Ni alama moja ya kubonyeza, na nashangaa ni vituo vingapi nimevikuta imezimwa.

Ukurasa wa kuingilia nao unafundisha watu tabia, upende usipende. Mtu anajiunga, anafungua tovuti ya benki, ruta inajaribu kumgeuzia kwenye ukurasa wake, kivinjari kinapiga kelele kwamba cheti hakilingani, na msimamizi anasema, "Bonyeza endelea tu." Umemfundisha kwa mkono wako kupuuza onyo ambalo siku moja litakuwa la kweli. Simu za sasa hujaribu zenyewe ukurasa usiofungwa mara zinapojiunga, na ukurasa wenu hutokea bila fujo. Mwambieni mtumiaji asubiri utokee. Na onyo la cheti likija baada ya kuingia, kwanza mtazame saa ya simu yake: tarehe ikiwa nyuma kwa miaka, kila cheti kitaonekana kibovu. Tarehe ikiwa sawa, afunge ukurasa. Tena msiombe kwenye ukurasa huo barua pepe wala nenosiri lolote. Vocha inatosha.

Jina la waifai halina hatimiliki. Yeyote anaweza kukaa kibarazani na simu yake, akaipa waifai yake jina la kituo chenu, na simu za wateja wenu zikamfuata. Waelezeni watu waondoe alama ya kujiunga kiotomatiki wanapoondoka, na wakiona mtandao wao wa siku zote unadai kitu kisicho cha kawaida, waje kuuliza kabla ya kujaza.

VPN, huduma inayopitisha mawasiliano ya mtu ndani ya njia iliyofungwa hadi kwa mwenye huduma hiyo, nitaigusa kidogo tu. Inamficha mtu asionekane na kituo, na hilo sina shida nalo. Lakini anayeitumia amehamisha imani kutoka kwangu kwenda kwa mwenye VPN. Ile ya bure ambayo hujui mwenyewe anaishije, mimi sishauri. Msizuie VPN kwa kisingizio cha kasi. Kwa fq_codel au CAKE, mzigo wake utapewa zamu kama wa wengine.

Ruta yenyewe ikiingiliwa, yote niliyosema hayana kazi. Mwaka 2016 programu ya Mirai ilizunguka intaneti ikijaribu majina na manenosiri ya kiwandani, orodha ya kama sitini tu, na ikateka vifaa kwa malaki. Tarehe 21 Oktoba mwaka huo ilitumika kuiangusha kampuni ya DNS iitwayo Dyn, na tovuti nyingi maarufu zikapotea kwa saa kadhaa. Mei 2018 ikagunduliwa VPNFilter, programu nyingine ya uovu iliyokuwa imeingia kwenye vifaa visivyopungua 500,000, vingi vikiwa ruta, katika nchi zisizopungua 54. Badilisheni nenosiri la usimamizi leo, si mwisho wa mwezi. Fungeni ukurasa wa usimamizi usifikike kutoka nje wala kutoka waifai ya wageni. Zimeni WPS, ile njia ya kujiunga na waifai kwa namba fupi ya siri badala ya nenosiri; tangu 2011 inajulikana kwamba namba yake ya siri hubahatishwa kwa majaribio yasiyozidi 11,000. Na ruta ambayo mtengenezaji ameacha kuisasisha, ama wekeni OpenWrt ikikubali, ama muistaafishe.

Nimebakiza daftari la ruta, yaani kumbukumbu inazojiandikia za yaliyopita ndani yake. Sheria za mahali ulipo zikikutaka uhifadhi kitu fulani kwa muda fulani, hifadhi kitu hicho kwa muda huo. Zaidi ya hapo usiandike. Nilipoliangalia daftari la kituo changu nilikuta majina ya tovuti ya miezi kumi na minne, kila simu na yake, kwa sababu mtu aliyenitangulia alibonyeza kitufe akasahau, nami nikakiacha. Hakuna aliyeyahitaji. Lakini angekuja mume anayemsaka mkewe, au bosi anayemtilia shaka mfanyakazi, au mwizi tu, angeyakuta yamepangwa vizuri kwa tarehe. Niliyafuta yote usiku uleule. Siku hizi daftari langu linahesabu vitu vitatu: vifaa vingapi vimeunganishwa, data kiasi gani imepita, na pakiti ya majaribio imechukua milisekunde ngapi. Kwa hivyo vitatu nimeweza kutatua kila tatizo la kasi lililonifikia tangu hapo.

Pale mezani nimeleta ruta moja na laini ndogo. Naomba kumi kati yenu mjiunge, tisa mpakie video kwa pamoja, na mmoja apige simu ya sauti. Tutapima kwanza foleni ikiwa imevimba, kisha nitawasha CAKE mbele yenu, na huyo wa kumi atatuambia anasikiaje.